Chambo kwanza, ndoana baadaye: shajara ya mradi wetu wa falsipaini, Mtwara

Jumanne, 8 Aprili

Kompyuta ilimaliza kazi saa tisa usiku na umeme haukukatika. Molekuli 140 zimepachikwa moja baada ya nyingine kwenye umbo la falsipaini-2, kimeng'enya ambacho kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, hukitumia kukatakata hemoglobini akiwa ndani ya chembe nyekundu ya damu yetu. Nimeamka alfajiri kusoma matokeo kabla ya kwenda kufundisha.

Kwa atakayeanzia hapa: tuko watatu. Mimi nafundisha kemia sekondari hapa Mtwara mjini, mwenzangu anafundisha baiolojia, na wa tatu yuko Dar es Salaam. Huyo ndiye mwenye mikono ya kutengeneza molekuli, na amekubali kututengenezea chache kwa miligramu tukimwonyesha kwamba zinastahili jasho lake. Tunatafuta kizuizi kitakachojifunga kwa bondi ya kovalenti kwenye falsipaini na kuviacha vimeng'enya vya binadamu vya ukoo huohuo viendelee na kazi zake. Kujifunga si kugumu. Kuviacha vingine ndiko kugumu.

Kwa nini malaria? Msimu wa mvua madawati ya darasani kwangu huwa na mapengo. Mwanafunzi akirudi ukamuuliza alikuwa wapi, jibu ni lilelile: "Nilikuwa naumwa malaria, mwalimu." Dawa ya mseto bado inatuponya. Lakini Kagera wameshaonekana vimelea wenye badiliko la jeni yao ya K13 liitwalo R561H, linalofanya artemisinini iwaondoe polepole kuliko zamani. Sitaki tusubiri mpaka lifike kusini ndipo tuanze kufikiri.

Kuhusu matokeo yenyewe: kumi za juu zote ni ndefu, zenye pete tatu au nne. Hilo halinishangazi, kwa sababu kila atomu inayogusa protini huongeza pointi, basi molekuli kubwa hupendelewa. Tena AutoDock Vina, programu tuliyopachikia, kama tulivyoitumia haijui chochote kuhusu bondi ya kovalenti. Inapima tu jinsi kitu kinavyokaa. Kwa hiyo nimeongeza kipimo chetu: umbali kutoka salfa ya sisteini namba 42, asidi amino inayofanya kazi ya kukata kwenye kimeng'enya, hadi kaboni inayotakiwa kushikwa. Molekuli ambayo umbali wake unazidi angstromu 4 nimeiondoa hata kama ina pointi nzuri. Zimebaki 23.

Jumamosi, 12 Aprili

Tumepata majina ya kazi, na tumeyapata Mikindani.

Mwenzangu ana jirani mvuvi, mzee wa miaka mingi baharini. Tulimkuta anashona mshipi. Baada ya shikamoo na marahaba tukamweleza shida yetu, bila kemia: tunataka kumnasa mmoja kati ya wengi wanaofanana. Akatutazama akasema, "Ndoana haimjui samaki, wanangu. Anayemjua samaki ni chambo." Kisha akatueleza habari za kokoro, linavyokomba kila kitu hadi vifaranga, na bahari inavyobaki tupu nyuma yake.

Basi sehemu ya molekuli inayofunga bondi na salfa tunaiita ndoana: naitraili, vinaili salfoni, epoksaidi na wenzao. Sehemu inayokaa kwenye vishimo vya kimeng'enya kabla ya bondi tunaiita chambo. Na kizuizi kinachonasa kila salfa mwilini ni kokoro.

Inafaa nieleze hapa kwa nini salfa hii inanasika. Katika vimeng'enya vya ukoo wa papaini, sisteini ya kati imekaa ubavuni mwa histidini. Histidini huinyang'anya protoni, salfa ikabaki na chaji hasi, iko tayari kushambulia. Sisteini ya kawaida majini huachia protoni yake pH ikikaribia 8.3. Ile ya papaini huiachia pH ikiwa karibu 4 au chini zaidi. Tofauti hiyo ndiyo inayoturuhusu kutumia ndoana dhaifu. Ndoana kali haina haja ya msaada huo, itamnasa yeyote atakayepita.

Jumamosi, 26 Aprili

Leo tumebishana kuhusu korosho. Mwenzangu alitaka tuanze na asidi anakadi, inayojaa kwenye mafuta ya ganda la korosho. Hoja yake ina uzito: malighafi iko hapa, magunia kwa magunia, na faida ingebaki hapa. Natamani sana angekuwa sahihi.

Lakini molekuli hiyo ina mkia wa kaboni 15 unaonata popote penye mafuta, na imeshaonyeshwa kuzuia vimeng'enya vingi visivyo na undugu wowote. Kitu kinachozuia kila kitu kwenye chupa hakikuambii lolote kuhusu kimoja. Nilimkumbusha mikono ya akina mama wanaobangua korosho, wanavyojipaka majivu kwanza, na wanavyobabuka wakisahau. Mafuta yale hayaulizi ngozi ni ya nani. Tumeiweka pembeni.

Jumamosi, 17 Mei

Falsipaini halisi hatuna, na hatutaitengeneza kwenye maabara ya shule. Papaini tunayo uani. Mpapai wangu una matunda mabichi tisa, na kimeng'enya kilicho kwenye utomvu wake ndicho kilichoupa ukoo huu wote jina. Wapishi wetu wanakijua bila kukijua: ukipaka papai bichi kwenye nyama ngumu, inalainika. Kwetu papaini itakuwa jirani ambaye hatutaki kumgusa. Chambo kizuri kinapaswa kumpita.

Utomvu tuliuchukua saa kumi na mbili asubuhi, jua halijawa kali. Nilichana ganda la tunda kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa, mistari minne ya kina cha milimita moja au mbili, nikakinga kikombe cha kioo chini. Kisu cha chuma tulikikwepa kwa sababu ayoni za metali huiharibu salfa tunayoihitaji. Utomvu hutoka mweupe kama tui zito, unatiririka kwa dakika chache kisha unaganda wenyewe kwenye kidonda cha tunda. Tulipata kama vijiko viwili. Glavu ni lazima, tone moja liliniangukia kwenye kifundo cha mkono na jioni palikuwa pekundu.

Kipimo cha kwanza ni maziwa ya unga yaliyokorogwa na kalisi kloridi kidogo. Papaini huyakata maziwa yakaganda. Yetu yaliganda ndani ya dakika tatu. Wanafunzi wa kidato cha tano walishangilia, na mimi pia.

Jumamosi, 24 Mei

Siku hii naiandika kwa kirefu kwa sababu imetufundisha zaidi ya mwezi mzima wa kompyuta.

Tulitaka kizuizi cha kovalenti kinachopatikana sokoni. Kitunguu saumu kikipondwa, kimeng'enya chake hutengeneza alisini, na alisini hushika salfa za sisteini. Tuliponda punje sita, tukaziacha dakika kumi ili alisini iundike, tukachuja kwa kitambaa. Asubuhi matokeo yalikuwa safi: maziwa yenye papaini na maji ya kitunguu saumu hayakuganda hata baada ya dakika 20. Tukaongeza sisteini kwenye mrija uleule na maziwa yakaganda. Yaani bondi ya salfa kwa salfa ilifunguka, kimeng'enya kikaamka.

Mchana mwenzangu alirudia jaribio, kitunguu saumu kikakataa kufanya kazi kabisa. Mara tatu. Tulibadilisha maziwa, tukabadilisha kitunguu saumu, tukapima pH upya. Saa kumi jioni ndipo binti mmoja wa kidato cha tano alipouliza, "Mwalimu, ile sisteini ya kuiamshia papaini mmeiweka kabla au baada?"

Asubuhi tuliiweka mwishoni. Mchana iliwekwa mwanzoni, ndani ya bafa (maji yanayoshikilia pH), kama vitabu vinavyoelekeza, kwa milimola 5 kwa lita. Alisini yote ilikuwa inakutana na sisteini huru na kuishia huko kabla haijaiona papaini.

Nimekaa na swali la yule binti mpaka usiku huu. Seli ya binadamu ina glutathaioni kati ya milimola 1 na 10 kwa lita, nayo ina salfa kama hiyo. Kosa letu la mchana ndilo litakaloikuta kila ndoana kali mwilini: itamezwa na glutathaioni njiani, na kitakachosalia kitashika protini yoyote iliyo karibu. Kuanzia leo hakuna molekuli itakayotoka kwenye orodha yetu kwenda Dar bila kujibu kwanza itafanya nini mbele ya glutathaioni. Epoksaidi mbili na kloroasetamaidi zote tano zimeondoka jioni hii. Zimebaki 16.

Jumamosi, 14 Juni

Wakulima wameanza kupuliza mikorosho dhidi ya ubwiriunga. Nikisema "salfa" kwa yeyote huku, anaona unga wa njano na mashine mgongoni. Kwenye mkutano wa wazazi nilieleza mradi kwa njia hiyo, kwamba salfa ni moja, tofauti ni imekaa wapi na jirani yake ni nani. Nadhani nilieleweka kuliko siku zote.

Kolorimita tumeazimwa na chuo kimoja mjini. Ina kichujio cha nanomita 420, inatosha kusoma rangi ya njano inayotoka papaini inapoikata BAPNA, molekuli ya kupimia. Maziwa sasa basi.

Jumamosi, 19 Julai

Kizuizi cha leo ni iodoasetamaidi, ndoana tupu, haina chambo hata kidogo. Safari hii tuliamsha papaini kwa sisteini kidogo kisha tukaizimua mara 100, ili tusirudie yale ya Mei.

Kwa kipimo kilekile, mikromola 100 kwa lita, tukisubiri dakika 2 kabla ya kuweka BAPNA, papaini inabaki na nguvu karibu yote. Tukisubiri dakika 10, imebaki kama nusu. Dakika 30, inakaribia kufa. Sasa mtu akiniuliza IC50 ya kitu hiki, yaani kipimo kinachopunguza nguvu ya kimeng'enya kwa nusu, nimjibu nini? Kila dakika ina namba yake. Nimesoma majedwali mengi yanayolinganisha vizuizi visivyoachia kwa IC50 bila kutaja muda wa kusubiri, na kwa kweli ulinganisho wa namna hiyo haunisaidii kuchagua chochote.

Kinachofaa ni kutenganisha hatua mbili. Kwanza molekuli inakaa kwenye kishimo, na ubora wa kukaa huko ni K_I. Halafu bondi inafungwa, kwa kasi ya k_inact. Uwiano wa k_inact kwa K_I ndio unaosema ukweli wote kwa pamoja. Kwa iodoasetamaidi tulipandisha kipimo na kasi ikapanda nayo bega kwa bega, haikufika dari. Maana yake hatua ya kwanza haionekani, hakuna kukaa, kuna kugongana tu. Mchoro ule nimeubandika ukutani. Ndivyo uchoyo wa ndoana bila chambo unavyoonekana kwenye karatasi ya grafu.

Jumamosi, 26 Julai

Vichupa viwili vimefika kwa basi kutoka Dar. Vyote vina ndoana ya naitraili, ambayo hufunga bondi na salfa na huweza kuiachia. Ni ndoana ya kundi lileile inayoshika sisteini namba 145 ya proteasi ya kirusi cha UVIKO-19 katika nirmatrelvir, dawa iliyoruhusiwa Marekani kwa dharura Desemba 2021. Tofauti ya vichupa vyetu ni chambo tu: kimoja kina asidi amino ya fenilalanini, kingine ya lusini.

Usomaji wa kolorimita kwa mikromola 10 kwa lita, baada ya dakika 20 (namba ndogo ni papaini iliyozuiwa zaidi):

bila kizuizi, 0.42
chambo cha fenilalanini, 0.05
chambo cha lusini, 0.19

Muda wa kusubiri haukubadilisha kitu, dakika 2 na 30 zilitoa namba zilezile, kama inavyotarajiwa kwa ndoana inayoachia. Ndoana moja, samaki mmoja, na kubadili chambo pekee kumebadili matokeo kiasi hicho. Papaini hupenda fenilalanini kwenye kishimo chake cha S2, na falsipaini-2 hupenda lusini. Nilitoka nje nikampigia simu yule mzee wa Mikindani. Alicheka akasema, "Sasa mmeanza kuvua."

Jumapili, 10 Agosti

Nimerudi jana kutoka Nanenane, viwanja vya Ngongo, Lindi. Njiani nilikuwa na daftari, na sehemu hii ndiyo nimeifikiria kuliko zote.

Lusini haitoshi. Papaini si jirani ninayemwogopa zaidi, ni wa mazoezi. Majirani wenye madhara ni kathepsini, vimeng'enya vya binadamu vya ukoo huohuo, na kathepsini K nayo hupenda lusini. Historia yake inatisha: odanacatib, dawa ya mifupa iliyoizuia kathepsini K kwa naitraili, ilifika majaribio makubwa kabisa, kisha mwaka 2016 Merck waliisimamisha kwa sababu ya ongezeko la kiharusi.

Kwa hiyo nimeshuka hadi sakafuni mwa S2 na kuangalia aliyekaa pale. Nimetumia maumbo mawili ya wazi, 3BPF ya falsipaini-2 na 3BPM ya falsipaini-3, ndugu yake ndani ya kimelea, nikayalaza juu ya yale ya kathepsini. Falsipaini-2 ina asidi aspatiki namba 234. Falsipaini-3 ina asidi glutamiki namba 243. Kathepsini K ina lusini pale, L ina alanini, S ina fenilalanini. Zote tatu hazina chaji. Mlango ni huo. Chambo chenye amini nchani, yenye chaji chanya, kitapata mwenza kwenye falsipaini zote mbili na kitakosa mwenza kwenye kathepsini tatu.

Na zote mbili ni lazima. Vimelea walioondolewa jeni ya falsipaini-2 hujaa hemoglobini isiyomeng'enywa kwa muda, kisha hupona. Falsipaini-3 watafiti walishindwa kuiondoa, kimelea hakuishi bila hiyo. Kizuizi cha falsipaini-2 peke yake ni homa ya siku moja kwa kimelea.

Pingamizi mbili, zote za mwenzangu, zote nzito.

Ya kwanza ni kathepsini B. Yenyewe ina asidi glutamiki sakafuni, namba 245, na itakipenda chambo chetu. Lakini B ina kitanzi cha ziada kinachoziba upande wa pili wa mfereji. Molekuli inayorefuka kuelekea upande huo hugonga kitanzi. Naitraili hukomea kwenye salfa, haifiki kule, vinaili salfoni hufika. Huenda tukalazimika kubadili ndoana baadaye kwa ajili ya B, si kwa ajili ya nguvu bali kwa ajili ya urefu.

Ya pili imenikosesha usingizi Lindi. Molekuli zenye amini hujikusanya kwenye laisosomu, vifuko vya kumeng'enyea vya seli, kwa sababu mle mna asidi: zikiingia hupata protoni na haziwezi kutoka. Balicatib, kizuizi kingine cha kathepsini K, ilikuwa na amini, na wagonjwa wengine walipata ugumu wa ngozi. Chupani ilikuwa inachagua vizuri, ndani ya seli ilirundikana palepale kathepsini nyingine zinapoishi na uchaguzi ukapotea. Sisi tunapendekeza amini ileile.

Jibu langu ni hili, na nalisimamia mpaka namba zinikatae. Kiriba cha chakula cha kimelea nacho kina asidi, pH ya 5 hadi 5.5, na klorokwini ilirundikana humo kwa mtego huohuo. Falsipaini zetu ziko ndani ya kiriba hicho. Mtego unaotudhuru kwenye laisosomu unatusaidia kwenye kimelea, basi tunachotakiwa kupima ni upande upi unapata zaidi. Na naitraili inaachia, kwa hiyo kathepsini itakayoguswa kwa bahati mbaya haitakuwa imekufa moja kwa moja kama ingekuwa epoksaidi. Mwenzangu hajaridhika. Ameandika pingamizi lake kwa kalamu nyekundu kwenye ukurasa wangu na sitalifuta.

Jumamosi, 20 Septemba

Kichupa cha tatu kimefika: naitraili ileile, chambo chenye amini nchani.

Kwa mikromola 10, usomaji 0.39, wakati mrija usio na kizuizi unasoma 0.42. Papaini imekikataa chambo. Kabla ya kufurahi tulijiuliza kama ndoana haikuoza njiani, maana ukimya wa papaini unaweza kuwa na maana hiyo pia. Tukapandisha hadi mikromola 500, tukaweka kiyeyusho kilekile kwenye mrija wa kulinganishia. Ikashuka hadi 0.16. Ndoana ni nzima, ni chambo ndicho kilichopitwa.

Mwenzetu wa Dar amepata maabara yenye falsipaini-2, kathepsini K na kathepsini B, zote zikiwa safi, na watu walio tayari kuzipima kwa mashine ya mwangaza. Nimegawa kichupa mafungu mawili. Moja limebaki kwenye friji ya shule chini ya jina la yule binti wa kidato cha tano, maana yeye ndiye aliyelipima. La pili limefungwa kwenye barafu ndani ya chupa ya chai, linaondoka na basi la kesho saa kumi na mbili asubuhi. Juu ya karatasi nimeandika mpangilio wa kuweka vitu, na mstari wa kwanza nimeupigia mistari miwili: sisteini ya bafa iwekwe lini.